Ua la Kando ya Jiwe Jeupe

Ningejicheka mwenyewe kwanza, ila kicheko hakitoki. Mtaalamu mmoja wa mimea alikuja kwenye ofisi yetu ya misitu Sumbawanga, akitafuta ua jekundu la msituni, lile lenye shina la majimaji. Nikavaa koti langu jipya la mtumba, nikampeleka bondeni. Tukalikuta moja tu, kando ya jiwe jeupe.

"Una hakika halikupandwa?"

"Mzee, msitu huu naujua kama sala ya Baba Yetu. Nani aje kupanda ua huku?"

Nikaling'oa na mizizi yake, nikalifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, tukapita kwangu Kasense kunywa chai. Nikamwonyesha mke wangu, huku nikilitaja kwa mbwembwe jina la kitaalamu nililofundishwa njiani.

Hakulishika. "Baba Maria, lilikuwa karibu na jiwe jeupe?"

Mgeni akanitazama. Jiwe sikuwa nimelitaja.

Kichanga chetu cha kwanza hakikumaliza siku. Walikwenda kukizika akina mama peke yao, nami miaka yote hiyo sikuwahi kuuliza ni wapi.

"Mwanetu hatukumpa hata jina," akasema. "Ndiyo maana nilimpandia ua."