Injini Kubwa na Kiapo cha Baba

Nyumba yetu ya Ibra ilinuka petroli kiangazi kile kizima. Mama alichoma udi kila baada ya sala ya alasiri, akafungua madirisha yote, akamwaga maji ya sabuni uani, lakini harufu ilibaki kwenye mapazia, kwenye magodoro, mpaka kwenye unga wa chapati. Ilitoka kwenye gari la Baba, lililoegeshwa chini ya banda la mabati karibu na mlango wa jikoni, boneti wazi, ndani hamna kitu. Lilikuwa gari la Kimarekani la zamani, la milango miwili, pua ndefu, rangi nyekundu iliyoanza kubabuka kwa jua. Baba alilinunua Dubai kwa mtu aliyekuwa na haraka ya kuliuza, na hakujiuliza haraka hiyo ilitoka wapi. Injini ilikufa kabla hata hajalizoea. Tangu siku hiyo, katikati ya miaka ya tisini, hapakuwa na mazungumzo mengine kwetu ila gari litiwe injini gani. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, na nililichukia gari lile kwa moyo wangu wote. Sijaacha mpaka leo.

Baba alitaka injini kubwa. Ziko injini za silinda nane za kawaida, na iko nyingine, pana na nzito, ambayo watu wanne wakiinyanyua huitana majina mabaya, na hiyo ndiyo aliyoitaka. Ofisini kwake serikalini alikuwa mtu mpole, akimwinukia kila mkubwa aliyepita. Nadhani alitaka angalau gari lake likohoe mpaka watu wa ng'ambo ya wadi, ule mto mkavu, wajue kwamba amepita. Aliyempinga ni Mjomba Khalfan, kaka yake Mama, mwenye duka la vipuri vilivyotumika kule Sanaiya, kwenye magereji. Mjomba alisema injini ile italaza springi za mbele, rejeta haitamudu joto la Ibra, na boneti halitafunga. Atie ile ya kawaida, silinda zake nane vilevile, na anayo dukani. Alisema kweli, lakini aliisema kwa kiburi, na alipenda kuisema mbele za watu. Watu wa Baba walirudi nchi hii ya mababu kutoka Unguja na walijiona ndio wenye Kiswahili na ustaarabu. Watu wa Mama walirudi kutoka Bujumbura, na huko kwa Baba waliitwa "watu wa bara" kwa sauti ya mtu anayetema kokwa ya tende. Wanaume wale wawili hawakupendana tangu siku ya harusi, na gari liliwapa tu mahali pa kugombania.

Ijumaa moja baada ya sala, wageni walikuwa wamejaa barazani wakila halua na kunywa kahawa. Mama na mimi tulikuwa jikoni, mlango umerudishwa nusu, kila neno tunalisikia. Baba akatangaza kwamba ameipata injini yake kwa mfanyabiashara mmoja wa mji wa Adam, muuza mbuzi na vyuma chakavu. Mjomba akacheka, akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Shemegi, hiyo si injini ya gari, hiyo ya kuvutia maji kisimani. Mwisho utakuja kwangu kuchukua hii yangu."

Baba akasema, kila mtu akimsikia, "Wallahi kwa talaka, ikiingia injini nyengine gari hii isipokuwa ile ya Adam, dada yako si mke wangu."

Asiyetoka kwetu itabidi aelezwe. Wanaume wa miji yetu waliapa kwa talaka kama wengine wanavyopiga chafya. Mgeni akikataa kubaki kwa chakula, mwenyeji humwapia: kwa talaka hutoki hapa hujala. Basi mgeni hula, mwenyeji hujiona mkarimu, na mwanamke aliye jikoni, ambaye ndoa yake imetundikwa kwenye sahani ya wali, huambiwa aongeze nyama. Kiapo kikivunjika talaka imepita, na hapana mzaha ndani yake. Siku ile Mama alikuwa anaosha mchele. Aliendelea kuosha mpaka maji yakawa maangavu kabisa, na baadaye akauosha tena ule ule.

Injini ya Adam ikaja na pikapu, imefunikwa turubai, ikapelekwa Sanaiya kuoshwa. Grisi ilipotoka, ufa ukaonekana ubavuni, umepasua chuma juu mpaka chini. Haikufaa hata kuwekea mlango usijifunge. Mjomba alikuja mwenyewe nyumbani kutuletea habari, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetoka kwenye harusi. Baba akatafuta injini ya namna ile Nizwa, akatafuta Sur, akapiga simu Dubai, na hata kama angeipata isingemsaidia, maana aliapia ile ya Adam. Ikawa hapana ila njia mbili. Gari libaki bila injini, au litiwe nyingine na Mama aachike.

Mama alimwambia mara moja tu, wakati anamwekea chai. "Baba Zuwena, liuze. Liuze hivyo hivyo bovu, nikae kwangu kwa salama."

"N'taona," akasema Baba.

Mimi ndiye Zuwena, na nilikuwa na hakika kwamba ataliuza. Nilikuwa nikitoka skuli nakimbia kutazama kama banda liko tupu. Sikujua kwamba watu wazima walikuwa wanashughulikia jambo lenyewe kwa akili zaidi yangu. Ami Nasor, kaka yake mkubwa Baba, mtu wa sala na tasbihi, ndiye aliyewatuliza. Talaka moja si kitu, akasema, mpaka zifike tatu. Itie injini ya Khalfan, ipite moja, umrejee mkeo papo hapo mbele ya mashahidi wawili, na yeye hata chungu hajaepua. Wote wakaona ni jambo jepesi. Hakuna aliyekuja jikoni kuuliza.

Nilisikia mngurumo kabla ya kuliona gari. Baba alikuwa amelipeleka Sanaiya kwa kuvutwa tangu asubuhi, akasema anakwenda kulipiga rangi. Sasa lilirudi lenyewe, likasimama bandani, na Baba akaja mpaka kizingiti cha jikoni asiingie, mikono myeusi kwa oili, nyuma yake Ami Nasor na Mjomba wakitazama chini.

"Salma," alisema, "talaka imepita moja, na nimeshakurejea. Mambo yamekwisha."

Mama alimtazama kaka yake. "Na wewe ulikuwepo, Khalfan?"

"Mimi na Nasor ndio mashahidi, dada. Ilikuwa dakika mbili tu."

Alikuwa ameuza injini yake na kuushinda ubishi, na alitaka dada yake afurahi. Mama aliosha mikono, akapakua, akawatilia watatu wote. Nilimtazama Baba akimung'unya mfupa, na nikamchukia kwa chuki ambayo mtoto hapaswi kuwa nayo kwa mzazi wake. Mama hakupanda gari lile kamwe. Alikwenda sokoni, hospitali na maziko kwa teksi, na Baba alidhani anaogopa mwendo.

Siku hizi gari lina banda lake la matofali, linang'aa, na vijana wanatoka mpaka Jalan kuja kupiga nalo picha. Baba amezeeka, anawahadithia kisa cha kiapo, na pale aliporudi nyumbani na mashahidi wake ndipo wanapocheka zaidi. Mama huwa anawamiminia kahawa. Watu husema mambo yamebadilika, na kweli, mimi nafundisha skuli Nizwa, naendesha gari langu mwenyewe, na katika hati yangu ya ndoa mna masharti ambayo Mama asingethubutu kuyatamka. Nilikuwa nadhani basi yamekwisha. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nawapeleka harusini Sur, Mama amekaa nyuma, mwanangu Suleiman mbele anazungumza na rafiki yake kwenye simu. Walikuwa wanabishana juu ya tairi. "Wallahi kwa talaka," akasema, "kesho unakuja kwangu tuzitie." Ana miaka kumi na tisa. Hana mke, hajaposa, na msichana wa watu, ambaye hata jina lake hatulijui, ndoa yake ishafungwa kwenye tairi. Nikapunguza mwendo, nikasimama mbele ya kituo cha petroli, natafuta la kumwambia.

"Suleiman," akasema Mama kutoka nyuma, "shuka."

Alicheka, akidhani bibi yake anamtania. Mama akalirudia neno lile lile bila kupandisha sauti, na uso wa mtoto ukabadilika, akafungua mlango akashuka na simu yake mkononi. Mimi nikaondoa gari. Mama hakugeuka kumtazama, na mimi sikumwambia ageuke.