Mhadhiri wa Kila Jumamosi

Msimu uliopita nilikwenda Makutupora kununua zabibu, nikamkuta mama mwenye shamba ameshika shoka. Mizabibu yake ilikuwa inanyauka, naye alikuwa ameamua kuikata yote. Mhadhiri wa chuo kikuu aliyekuja na wanafunzi wake alipiga magoti, akafukua mizizi kwa mikono.

“Mama, usikate. Mizizi bado mizima, ila maji yanatuama hapa.”

“Tangu soko huria lije, mabwana shamba hatuwaoni. Na wewe utapotea.”

“Nitakuja kila Jumamosi.”

Jumamosi hii nilipita tena. Mizabibu imechipua, na mhadhiri yuko kwenye mtaro wa kutolea maji, jembe mkononi. Mama akaninong'oneza, “Hajakosa hata wiki moja.”

Tunaambiwa kila siku kwamba elimu ya juu italeta maendeleo. Kule Makutupora niliikuta inazibua mtaro.