Mwisho ulionitoa machozi

Leo nimesifu mwisho wa kitabu kisicho na mwisho.

Katika kundi letu la wasomaji hapa Kalemie, mimi njo ninashika ufunguo wa kabati. Sheria ni moja: mwenye ufunguo asome kila kitabu mpaka mwisho. Asiposoma, anautoa.

Kitabu cha leo, mimi nilifika ukurasa wa ishirini, usingizi ukanishinda.

Lakini mbele ya kundi nikasema kwa sauti ya mwalimu, "Ule mwisho ulinitoa machozi!"

Mama Feza, mwenye kitabu, akakifungua polepole. "Papa Kalenga, kurasa za mwisho zilianguka ziwani tukitoka Moba. Ulilia juu ya nini?"

Nikacheka. Peke yangu.

Akanyoosha mukono. "Ufunguo, Papa."

Nimeutoa, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani.

Ninyi munaocheka, semeni ukweli: mulisifu kitabu gani bila kukimaliza?