Jodari wa Mwisho wa Shaabani

Sisi tuliokulia kijijini Janga enzi zile betri za redio zikianikwa juani ubavuni mwa mihogo, tulijua mapema kwamba jambo zuri halianzi siku yake inapofika. Huanza wiki nyingi nyuma, katika kulitafutia vifaa, kulisemea na kuliombea. Siku yenyewe ikifika, mtu ameshaishi nalo mpaka limekuwa jamaa yake.

Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Tulikuwa watu wa mihogo, korosho na kisamvu, na baharini hatukuwa na shamba wala mjomba. Lakini baba alikuwa na kile mama alichokiita ugonjwa wake: alipenda kuvua jodari. Hakuvua ili auze. Mara mbili tatu kwa mwaka alikwenda bahari kuu na rafiki yake Sefu, mtu wa Kisarawe, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Mdogo. Walikwenda kwa raha ya kwenda. Baba Mdogo alikuwa fundi wa injini. Alikuwa na boti ndogo ya mashine huko Kunduchi, aliyoifufua mwenyewe kutoka kwenye mabaki, na pikapu kuukuu ambayo tuliisikia ikikohoa tangu iko mbali.

Kwanza ilitakiwa ruhusa. Siku hizo kazi za shamba la kijiji zilihesabiwa mtu kwa mtu, na balozi wetu wa nyumba kumi hakupenda kusikia mtu anakwenda mahali kujifurahisha. Alikuja barazani kwetu akakaa kwenye kigoda, baba akiendelea kukanyaga cherehani.

“Fundi, hii safari ni ya uzalishaji au ni ya starehe?”

“Ni ya kitoweo, ndugu balozi.”

“Kitoweo cha kijiji au cha nyumbani kwako?”

“Itategemea ukubwa wa samaki.”

Balozi alifikiri kidogo. “Basi kichwa kiwe cha ofisi,” akasema, na sote tulijua kwamba ofisi ilikuwa jikoni kwa mke wake.

Ikafuata kazi ya chambo. Jodari wao walimvua kwa kurambaza, yaani boti inakwenda huku ikikokota mishipi nyuma yake, na mwisho wa kila mshipi kuna ndoana iliyovikwa manyoya meupe ili samaki adhani ni dagaa anayekimbia. Manyoya hayo yalitoka kwa jogoo wetu. Baba aliyachagua kama mtu anayechagua kitambaa cha kanzu, akayafunga kwenye ndoana kwa uzi wa cherehani, mzunguko juu ya mzunguko, kisha akayachana kwa kitana cha mama. Kwa siku kadhaa jogoo alitembea nyuma ya nyumba tu, bila mkia, akikwepa majike. Mama alimwonea huruma akamtupia mtama wa peke yake.

Mshipi wa nailoni ulipatikana kwa shida kuliko sukari, kwa hiyo haukutumika hivi hivi bila kujaribiwa. Hapo ndipo tulipoingia mimi na dada yangu Mwanahawa. Sisi ndio tuliokuwa jodari. Baba alikaa chini ya mkorosho na kitambaa kizito mkononi, akatufunga mshipi kiunoni, akasema, “Haya, nendeni.” Tulikimbia kuteremka mteremko wa shamba kwa nguvu zetu zote, naye akiuachia mshipi upite mkononi, akiukaza na kuulegeza, mpaka tuchoke atuvute taratibu kurudi juu. Majirani walikuja kutazama. Mwanahawa alikuwa jodari mkali. Alipinda kushoto ghafla, akazunguka mti, akakata mshipi. Mimi nilikuwa na kaptura isiyo na lastiki.

“Jodari gani huyu anasimama kupandisha kaptura?” baba aliuliza, na kijiji kizima kilicheka. Kwa muda mrefu baadaye, nikipita kisimani, wanawake waliniuliza kama kaptura imekaa sawa.

Tulijifunza ujodari kiasi hicho, na bahari hatukuwahi kuiona. Mwanahawa aliogopa maji hata ya mto, hakujali. Mimi nililala nikiiwaza. Nilimsumbua baba mpaka siku moja aliacha mkasi akaniangalia.

“Mwinshehe, ukihitimu Juzuu Amma kwa Maalim Kondo bila kukwama, tukijaaliwa, tutakwenda wote.”

Maalim Kondo alikuwa mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, mzee mpole, macho yameshaanza ukungu, lakini masikio yake yalikamata kosa la herufi moja kutoka upande wa pili wa msikiti. Wenzangu walishangaa nilivyogeuka. Nilisoma nikichunga mbuzi, nikichota maji, nikipanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika. Sitasema kwamba nilisoma kwa ajili ya Mungu peke yake; jodari alikuwepo. Lakini namshukuru Mola kwamba mlango wowote mtu aingiao, akishaingia yumo ndani. Sura zile hazijaniacha mpaka leo.

Siku niliyohitimu, Maalim alinishika kichwa akaniombea, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Sasa nenda ukamwone huyo samaki wako.”

Basi maandalizi ya safari ile yalikuwa yangu. Baba Mdogo alitafuta petroli kidogo kidogo, leo huku, kesho kule, akaihifadhi kwenye dumu mbali na jiko. Mama alikausha mihogo, akabangua korosho, akatwanga tangawizi ya kuzuia kichefuchefu. Baba alisema mgeni wa bahari lazima azoeshwe mawimbi, hivyo Mwanahawa akapewa kazi ya kunisukuma kwenye pembea kila jioni. Aliifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kumwona akiifanya. Siku ya kwanza nilitapika, yeye akaenda kutangaza kwa jirani kwamba tayari nimefika Mafia.

Kulikuwa na jambo moja tu la kuhesabu vizuri. Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalizuiwa barabarani ili kubana mafuta, kwa hiyo safari zao zilikuwa za Jumamosi. Na mwaka huo Jumamosi iliyobaki ilikuwa ukingoni kabisa mwa mwezi wa Shaabani. Mwezi usipoandama Ijumaa jioni, Jumamosi ingekuwa siku ya thelathini ya Shaabani, nasi tungekuwa baharini. Ukiandama, Jumamosi ni Ramadhani. Baba hakuwa mtu wa kumpeleka mtoto anayeanza kufunga kwenye jua la bahari kuu, wala yeye mwenyewe hakuona vizuri kuanza mwezi mtukufu kwa mchezo.

“Shaabani ya safari hii itatimia,” Baba Mdogo alisema. Alisema kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kununua petroli.

Ijumaa ile pikapu ilisimama mbele ya nyumba tangu alasiri. Dumu lilikuwemo, mishipi imo, kikapu cha mama kimo, kofia yangu ya ukindu imo. Mpango ulikuwa tuswali magharibi, tuondoke, tulale Kunduchi, na alfajiri tuingie majini. Redio yetu ilikuwa imezimika siku tatu, betri zake hazikufufuka hata kwa jua la Janga, kwa hiyo kijiji kilitegemea macho. Baada ya swala watu walisimama uwanjani wakitazama magharibi. Anga ilikuwa imefunga wingu zito, la kijivu, kutoka mwisho hadi mwisho. Nililipenda wingu lile. Nilimwomba Mungu alizidishe, na sikuona kwamba kuna ubaya wowote katika dua hiyo.

“Wingu limekaa vizuri,” alisema Baba Mdogo, amekwisha kufungua mlango wa gari. “Fundi, twende, njia si fupi.”

“Subirini giza lishike,” alisema Maalim Kondo. “Mwezi hauna haraka ya petroli.”

Watu wakaanza kutawanyika. Baba aliinama kukaza kamba ya dumu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gari, juu kuliko wote, na ndipo wingu likapasuka kidogo juu ya mikorosho, kama mshono unaofumuka. Katika ufa ule niliuona. Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala chali.

Nilitazama huku na huku. Hakuna mtu aliyekuwa akiangalia upande ule. Wingu lilikuwa linasogea, na nilijua kwamba nikinyamaza kwa muda wa kumeza mate tu, litaufunika, tutaondoka, na asubuhi nitakuwa baharini. Hakuna ambaye angejua. Mpaka leo siwezi kueleza ni nini kilichonifungua mdomo. Labda ni zile sura, zilikuwa bado mbichi ulimini. Nilijisikia tu nikimshika baba bega.

“Baba, mwezi.”

Baba Mdogo alicheka kwa uchovu. “Huyu ana njaa, kaona kipande cha nazi.”

“Mtoto hachukuliwi ushahidi,” alisema Maalim, akija upesi na fimbo yake. “Lakini kidole chake kinatosha kutuonyesha. Nyoosha, mwanangu. Usiutikise mkono.”

Nilinyoosha. Baba alipanda garini, akapiga magoti, akaweka shavu lake ubavuni mwa shavu langu ili aone kwa mstari wa mkono wangu. Ndevu zake zilinichoma. Nilihisi anashusha pumzi. Kisha akaanza kusoma dua ya kuandama kwa mwezi, polepole, na waliokuwa wameondoka wakarudi, mmoja baada ya mwingine wakiuona. Wingu halikuwahi kuufunika.

Baba Mdogo alifunga mlango wa gari bila kelele. Yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kuteremsha vikapu. Mama alichukua korosho zake na mihogo yake, akasema kwamba kumbe alikuwa anaandaa daku bila kujua. Nililia nyuma ya nyumba, mahali pa jogoo, na baba akaja akakaa chini pamoja nami na kanzu yake nyeupe.

“Unanichukia?” nilimuuliza.

“Kwa lipi?”

“Nimeharibu safari.”

Alikunja mikono ya kanzu yake. Kisha akasema, “Nimekaa na wewe miaka yote hii sijawahi kukuogopa. Leo nimekuogopa kidogo.” Akanipangusa uso kwa kiganja chake kilichojaa makovu ya sindano, akaniambia nikale nilale, maana daku haingojei mtu.

Tulisema tutakwenda baada ya Idi. Mfungo Mosi ukapita petroli haikupatikana. Mfungo Pili injini ya boti ikafa, na kipuri chake hakikuwepo nchi nzima. Baba Mdogo alingoja, mwishowe akaiuza boti kwa mtu aliyetaka mbao zake. Baba alizitungika zile ndoana za manyoya ukutani juu ya cherehani, zikapauka, zikaliwa na nondo. Hakwenda tena. Wageni wakimuuliza habari za uvuvi wake wa zamani, aliwaruka jodari wote aliowahi kuwatoa majini, akawasimulia safari ambayo hakwenda, akinionyesha kwa kidevu. Mimi niliona haya nikatoka nje. Leo ningekaa.

Baba na Baba Mdogo wameshatangulia, na Maalim kabla yao. Nami nimezeeka naishi mtaa wa Picha ya Ndege, kando ya barabara, mahali ambapo wakati ule ulikuwa huwezi kusimama jioni peke yako kwa hofu ya wanyama. Mwaka jana mjukuu wangu Nasri alinisikia nikitaja jodari. Akatoa simu. Kabla sijamaliza kikombe changu cha chai aliniambia, “Babu, tayari, Jumamosi.” Nilimuuliza tuandae nini. Akasema hakuna, kila kitu kipo huko. Kweli, kila kitu kilikuwepo: fimbo za kuvulia zinazong’aa, samaki wa plastiki wenye macho kuliko samaki wa kweli, barafu, hata maji ya kunywa yameandikwa majina yetu. Nilikaa siku zote zile mikono mitupu, nikimuuliza mke wangu kama kuna kitu cha kutwanga. Vijana wetu wamepata kila kitu isipokuwa ile hamu ya kungoja, na siwalaumu, hakuna aliyewaachia nafasi ya kungoja. Mungu awabariki, wanatupenda kwa njia zao za haraka. Nasri alishapiga picha ishirini kabla boti haijafunguliwa kamba.

Nahodha, kijana wa heshima, alinishika mkono kunipandisha.

“Shikamoo mzee. Ndiyo mara yako ya kwanza kwenda bahari kuu?”

“Marahaba, mwanangu. Ndiyo ya kwanza.”

Alinipa benchi la nyuma, lenye godoro laini, mahali pazuri pa kuangalia mishipi. Nilikaa upande mmoja. Nasri akaweka begi lake kwenye nafasi iliyobaki ubavuni mwangu. Nilimwomba aliondoe, pale pana mwenyewe. Alinitazama, akalichukua akalipakata mwenyewe, na nafasi ile ikabaki wazi mpaka nchi kavu ilipopotea.