Wazibaji wa Goli la Mashariki

Siku hizi klabu yetu inachezea uwanja mpya wenye ukuta pande zote, na vijana wanaketi jukwaani wakichezea simu. Sawa, maendeleo hayo, sikatai. Ila wasiniambie wanajua kushangilia. Uwanja wetu wa zamani haukuwa na ukuta wala jukwaa, na upepo wa Ufipa wakati wa kiangazi unajulikana, unang'oa mpaka mabati. Kipa wa goli la mashariki akitaka kupiga golikiki, anauweka mpira chini, anarudi nyuma hatua chache, akigeuka mpira haupo. Umeshajiendea zake.

Ukuta tulikuwa sisi. Watu wa Izia na Milanzi, madereva wa malori waliotoka Kasesya na vumbi lao kichwani, wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga na mablanketi mabegani, wote tulisukumana nyuma ya goli lile. Golikiki ikitokea, mtu anapaza sauti, "Ziba!" Hapo makoti yanafunguliwa, kanga zinatandazwa, mablanketi yanashikwa pembe kwa pembe, watu wanabanana mpaka pumzi inakata. Mpira unatulia tuli. Hakuna aliyetufundisha wala aliyetutuma. Haki ya Mungu, watu wale niliwapenda.

Kipa wetu alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Zikiwa zimebaki mechi mbili msimu uishe, tulicheza nyumbani, na ugomvi ukazuka pembeni mwa uwanja. Wazibaji wote wakakimbilia kutazama ngumi, nyuma ya goli pakabaki peupe. Kaka akaenda kupiga golikiki. Mguu ukiwa hewani, upepo ukausogeza mpira, akaugusa kwa ncha ya kiatu, ukamwangukia mshambuliaji wa wageni. Goli, na tukafungwa kwa hilo hilo. Jioni mji mzima unasema kipa kauza mechi. Mwenye mdomo kuliko wote alikuwa karani mmoja, jamaa wa Mbeya, mwenye koti zito la mtumba lililomfika magotini. Eti yeye kamwona kaka akila nyama na wageni. Mwongo mkubwa! Nyama ipi, na sisi wiki nzima nyumbani ni maharage tu?

Kaka hakujitetea. Asubuhi ya mechi ya mwisho, ambayo tukifungwa tunashuka daraja, alinikuta uani nafua nguo. Akaniambia, "Mdogo wangu, leo wasiponizibia, naacha mpira." Mpira ndio kitu pekee nilichowahi kumwona akikifanya kwa furaha.

Uwanja ulifurika siku hiyo, hata pa kuweka mguu hapakuwapo. Kipindi cha pili kaka akahamia goli la mashariki. Nyuma yake watu walijaa pia, ila walisimama mbali, mikono mifukoni, na katikati wameacha pengo la kupita trekta. Ikaja golikiki. Akaweka mpira, ukabiringika. Akaurudisha, ukabiringika tena. Wageni wakacheka, mwamuzi akaanza kutazama saa. Hakuna aliyesema ziba.

Mimi hasira zangu ziko puani. Nikavua kanga ya mabegani, nikaingia kwenye pengo peke yangu, nikawapigia kelele. "Nani alikimbilia ngumi siku ile? Semeni! Mpira aliusogeza yeye, au mliusogeza nyinyi mlioacha wazi?" Kanga ikawa inanipiga usoni tu. Kanga moja itaziba nini? Kila mtu anatazama viatu vyake.

Kisha nikaliona lile koti zito linakuja. Nikakunja ngumi, nikijua karani kaja kunizomea. Akasimama kando yangu, akafungua vifungo, akalitandaza koti kwa mikono yote miwili.

"Ziba," akasema, kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba maji. Halafu akageukia watu, mishipa ya shingo imemtoka. "Zibeni jamani! Mnangoja nini?"

Wakaja. Walikuja mbio na makoti yao na mablanketi yao, wakatubana mpaka nikashindwa kushusha mikono. Nililia waziwazi, na sikuona haya.

Mechi iliisha suluhu, tukabaki kwenye ligi, na wazee wa klabu wanaikumbuka kwa hilo. Hiyo ni habari yao. Mimi nakumbuka kwamba kaka aliuweka mpira, ukayumba kidogo, akageuka nyuma. Tangu afike uwanjani hakuwa ametutazama. Akamkazia macho karani, nami nikamwomba Mungu kaka asije akamtukana.

"Sogea kulia kidogo," akamwambia. "Upepo unapitia hapo."

Karani akasogea na koti lake. "Hapa, kipa?"

"Hapo hapo."