Samli Ndani ya Teleprinta

Wajukuu zangu wakinisikia nikisema nilikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano, wanacheka. Wanadhani kuunganisha mji na mji kwa mashine kulianza na kompyuta zao. Juzi mmoja kaniletea kibodi yake, ati herufi zinagoma. Nikaigeuza juu chini, nikaigongagonga. Vikaanguka makombo ya chapati, punje za wali, mende mkavu, na kucha. Kucha za mtu, jamani! Nikamwambia, mimi nimeacha kazi zamani na uchafu wenu ni uleule.

Kazi ile ilinitia kinyaa kuliko ilivyonichosha. Watu hufikiri mashine inauawa na umeme mbaya, au na uzee. Wapi! Mashine inauawa na watu wanaokula juu yake. Miaka hiyo ya sabini nilikuwa Mbeya, kwenye karakana ya shirika moja la usafirishaji, lile lenye malori ya kwenda Zambia. Kila ofisi yetu ya njiani ilikuwa na teleprinta. Hiyo ni kama taipureta kubwa, nzito, iliyofungwa waya wa simu. Ukipiga maneno Mbeya, yanajichapa yenyewe Iringa kwenye karatasi. Nilizunguka na sanduku langu la vifaa nikiyafungua madude hayo, na humo ndani nilikuta ugoro, maganda ya karanga, chai ya maziwa iliyovunda na sisimizi wake. Mahali pengine nilikuta jino. Mpaka leo sijui la nani, na sitaki kujua.

Sasa, kipupwe kimoja, Mbeya tukaanza kupata shida na Iringa. Asubuhi ujumbe wao ulikuja vurugu tupu, herufi zimechanganyika kama kitoto kimechezea mashine. Ikifika adhuhuri, maneno yanakuja safi kabisa. Kesho asubuhi, vurugu tena. Malori ya mbolea yakaenda Njombe badala ya kuja kwetu, na wakubwa wakawaka moto. Nikaambiwa nipande lori nikaangalie.

Ofisi yetu ya Iringa ilikuwa Ipogolo, pale chini, kando ya barabara kuu. Nilishuka asubuhi na mapema, nikapokewa na harufu kabla sijaonana na mtu. Chini ya meza ya teleprinta palikuwa na tenga la nyanya za Ilula, zawadi za madereva kwa mkuu wa ofisi, nazo zilikuwa zimeanza kuoza. Maji yake yalikuwa yanachuruzika taratibu kufuata waya wa umeme. Juu ya mashine kulikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe hapo zamani, na juu ya kitambaa chupa yenye maua ya plastiki. Mkuu mwenyewe alikuwa anakula maandazi akiwa ameegemea mashine. Alipomaliza akafuta vidole kwenye kile kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akanipa mkono. Nilimsalimia, lakini mkono wangu niliufuta kwenye suruali mbele yake.

"Kamwene, ndugu fundi," akanisalimia. "Umekuja bure. Mashine haina kosa. Mwenye kosa ni huyu."

Akanionyesha opareta, msichana aliyekaa mbele ya teleprinta, mikono juu ya mapaja. Ndiye pekee aliyejua kuipiga pale ofisini.

"Huyu anahujumu," mkuu akaendelea. "Wewe nithibitishie tu kwamba ni mkono wa mtu, leo hii hii anarudi kwao Usangu akachunge ng'ombe."

Mkuu alipotoka kwenda kuwafokea madereva, nikamuuliza msichana kama ni kweli.

"Kaka fundi, mimi nihujumu kazi yangu mwenyewe?" akasema. "Baba alikubali nikae mjini kwa sharti moja tu, niwe kazini. Kuna mzee pale kwetu ana ng'ombe wengi, ananingoja. Ana wake tayari, na meno hana. Siku kazi ikiisha, ng'ombe wake wanaingia kwa baba."

Familia yake ilikuwa imetoka kaskazini, kule Usukumani, ikahamia mbuga za Usangu kufuata malisho. Alisema maneno yale kwa sauti ya kawaida kabisa.

Nikaanza kazi kwa utaratibu wangu. Fundi mjinga hukimbilia bisibisi. Mimi kwanza natazama plagi imekaa vizuri, halafu fyuzi, halafu swichi, maana nimesafiri sana kwenda kuwasha mashine ambazo hazikuwashwa. Vyote vilikuwa sawa. Hatua ya pili, unatenga mashine na waya wa nje, unaiacha ijichapie yenyewe hapohapo. Ikichapa vizuri, kosa lipo njiani, kwenye nguzo na nyaya. Ikichapa ovyo, kosa lipo tumboni mwake. Nikaitenga, nikamwambia msichana apige jina la mji. Alipiga Iringa. Kilichotoka kwenye karatasi hakikuwa Iringa wala kitu kingine chochote.

Basi, ni tumboni. Nikaondoa maua, nikakibana kile kitambaa kwa koleo nikakitupa pembeni, nikafungua mfuniko.

Ee Kyala, Mungu wangu! Harufu iliyotoka mle sijawahi kuisahau. Samli. Samli iliyochacha, ya manjano, imeganda kwenye vidole vyote vya chuma vinavyochagua herufi, kwenye magurudumu ya meno, kwenye mota. Manyoya ya panya yamenasia humo. Na kwenye kona, juu ya mota ambako pana joto, panya alikuwa amekata utepe wa wino na kujitengenezea kitanda, na vitoto vyake vilikuwa pale, vyekundu, havina manyoya, vinajinyonganyonga ndani ya mafuta. Nilitoka nje mbio nikatapika kando ya tairi la lori. Dereva akanicheka. Nikamtukana.

Nikarudi nimewaka. "Nani kapaka samli humu? Nani mwendawazimu huyo?"

Mkuu alikuwa amesikia, akaja mlangoni anatabasamu. Msichana akasimama.

"Ni mimi," akasema.

"Umemsikia?" mkuu akasema. "Umemsikia kwa masikio yako, ndugu fundi? Binti, kusanya vitu vyako. Ukishamsaidia fundi kusafisha uchafu wako, uende."

Nami nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikumtetea. Tulisafisha, yeye na mimi, kwa petroli na mswaki na matambara. Samli ile tuliikwangua kwa kijiti, ikatoka vipande vipande. Vitoto vya panya alivitoa yeye kwa mkono, bila hata kukunja uso. Baadaye kidogo nikamuuliza, hivi kilimpata nini?

"Mafuta ya mashine yaliisha tangu Pasaka," akasema. "Mashine ikawa inalia, inakwaruza. Nimemwomba mkuu mpaka nimechoka, anasema shirika halina. Mayu wangu, mama, hunitumia samli kila wapitapo watu wa nyumbani. Kwetu baba hupaka samli kwenye plau, hupaka mnyororo wa baiskeli, vinateleza vizuri tu. Nikaona niipe na hii. Siku ya kwanza ilinyamaza kabisa, nikafurahi."

Hapo ndipo nilipoelewa asubuhi na adhuhuri. Usangu ni joto, samli inakaa maji siku nzima. Iringa kipupwe kikishika, hata maji ya kunawa yanauma vidole. Usiku samli inaganda, asubuhi vile vidole vya chuma vinajikokota, kila kimoja kinafika kimechelewa, na herufi inayotoka siyo iliyopigwa. Jua likipanda, mota ikipata joto chini ya kile kitambaa, samli inayeyuka na mashine inakuwa nzima. Nilimweleza. Akaduwaa, akasema, "Kumbe ni baridi ya huku kwenu." Nikataka kucheka lakini koo bado lilikuwa na ladha ya matapishi.

Nikaitia mashine mafuta yangu ya akiba, nikairudishia waya wa nje. Kitu kimoja tu kilinikera. Shirika halina mafuta? Kopo la Iringa nililitoa stoo ya Mbeya mimi mwenyewe, kabla ya Pasaka, kopo jekundu lenye mdomo mrefu, nikaandika ubavuni kwa rangi nyeupe: TELEPRINTA IRINGA. Nikamkabidhi dereva mkononi.

Mchana mkuu akanikaribisha chakula kwake, nyumba haikuwa mbali. Nilinawa kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ikachubuka, na bado nilinuka. Kuku alikuwa mezani, kanona, mafuta yanaelea juu ya mchuzi. Sikuweza hata kumtazama. Mkuu aliingiza mkono mzima, akawa anavunja mifupa, anafyonza, anaongea huku mchuzi unamtiririka kidevuni.

"Wasichana wa siku hizi wachafu," akasema. "Huyu nimemfukuza, heri nipate mwingine wa hapa hapa."

Mkewe alikuwa dirishani na cherehani, anashona majoho ya kwaya ya kanisani. Mama mwenye heshima zake, mpole. Cherehani ikakwaruza, akanyoosha mkono chini ya kiti, akatoa kopo akatia tone. Kopo jekundu. Mdomo mrefu. Mwandiko wangu ubavuni.

Mtu anakula kuku, anamwita msichana mchafu, na mafuta ya msichana yako chini ya kiti cha mkewe!

"Mama," nikasema, "hilo kopo umelipata wapi?"

"Kaniletea baba watoto, tangu Pasaka," akajibu. "Kasema ofisini yamezidi. Kwani vipi, fundi?"

"Hayo ni ya teleprinta, mama. Kwa sababu hayakuwepo, yule binti alitia samli. Na kwa sababu ya samli, baba watoto amemfukuza leo."

Mkuu akaacha kutafuna. "Ndugu fundi, wewe ni mgeni hapa," akasema.

Mama alilitazama lile kopo, akatazama joho lililokuwa kwenye cherehani. "Nguo za kumwimbia Mungu," akasema polepole, "nazishona kwa mafuta ya wizi?" Akasimama, akajifunga khanga, akachukua kopo, akatoka. Hakusubiri mtu. Tulimfuata nyuma kama kuku, mume vidole vikiwa bado vinang'aa mafuta.

Ofisini msichana alikuwa amefunga vitu vyake kwenye kitambaa, amekaa kwenye benchi la wageni. Madereva walikuwa wamejaa mlangoni. Mama akaweka kopo mezani mbele ya wote. "Mwanangu, hili ni lako," akasema. "Nisamehe, sikujua."

Unadhani yule bwana aliona haya? Thubutu! Alijikohoza akasema, "Kopo limerudi, sawa, yameisha. Lakini aliyepaka samli amekiri mwenyewe. Kopo halikupaka samli. Aende." Madereva wakaguna. Mimi nilijisikia kutapika mara ya pili siku ile, na safari hii hapakuwa na panya.

Hapo kengele ya teleprinta ikalia. Mashine ikaanza kuchapa, nyepesi, haina kukwaruza, maneno yakatoka safi mstari kwa mstari. Mbeya walikuwa wanasema malori ya mafuta yamesimama Tunduma, yanangoja amri kutoka Iringa, na amri itoke sasa hivi. Mwisho wakauliza: IRINGA UPO?

Mkuu akanigeukia. "Fundi, jibu."

"Mimi natengeneza," nikasema. "Sipigi." Nikakunja mikono.

Akaangalia madereva. Hakuna ajuaye kupiga. Akavuta kiti, akakaa mwenyewe, akanyoosha kidole juu ya herufi, kidole chenye mchuzi.

"Usiiguse kwa mkono huo!" nikapiga kelele. Sikujua nina sauti kubwa vile. Akaurudisha mkono haraka, akaufuta kifuani kwake.

Kengele ikalia tena. IRINGA UPO? IRINGA UPO?

"Binti," akasema bila kugeuka, "njoo ujibu."

"Nimefukuzwa," msichana akasema kutoka kwenye benchi.

Mashine inaguruma tu. Mama akasema, "Baba, si umwombe? Mdomo si unao?"

Nilimwona yule mtu akimeza mate kama anameza klorokwini. Akainuka kwenye kiti. "Naomba," akasema, na sauti ikamkwama, "naomba urudi kwenye kazi yako. Hufukuzwi."

"Wamesikia?" msichana akauliza, akionyesha madereva.

"Tumesikia!" wakajibu wote.

Akaacha mzigo wake kwenye benchi. Akachukua tambara safi kwenye sanduku langu, akapangusa kiti pale alipokuwa amekaa mkuu, akapangusa kila mahali, taratibu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Ndipo akakaa, akaweka vidole juu ya herufi, akapiga neno moja kwenda Mbeya.

NIPO.