Nusu Kidonge Iliyofutwa

Saa mbili asubuhi, Mama Viraka anawasha kompyuta mbili zilizo kwenye meza moja. Ya kushoto ni mpya. Ya kulia ni kuukuu, feni yake inakoroma, na amebandika juu yake karatasi: “ASIIGUSE MTU.” Wenzake waliompa jina hilo la utani leo hawathubutu kumtania.

“Nimekasirika, na sitaki kuambiwa nitulie,” anamwambia mgeni aliyekuja kuona kazi yake, huku akivuta kiti.

Kwa miaka tisa mwanamke huyu ametunza kipande kimoja cha programu, kile kinachokokotoa dozi za watoto katika zahanati. Lugha ya kompyuta iliyotumika kukiandika ina matoleo mawili. Zahanati zenye mashine mpya hutumia toleo jipya. Nyingine, zaidi ya arobaini, zimebaki na la zamani kwa sababu mashine zao haziwezi kubeba jingine. Kazi yake ni kuhakikisha kote jibu ni lilelile, na kompyuta ile kuukuu ndiyo pekee anayoweza kujaribia toleo la zamani.

Anaandika tano gawanya kwa mbili. Kompyuta mpya inajibu mbili na nusu. Ile kuukuu inajibu mbili, basi.

“Umeona? Hili la zamani linaitupa nusu, tena kimyakimya. Ndiyo maana niliweka mstari mmoja pale juu kabisa, wa kulifundisha ligawanye kama jipya. Kwenye mashine mpya mstari huo haufanyi lolote.”

Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Wiki iliyopita mkuu wa kitengo aliamua kufanya usafi. Aliuona mstari usiofanya kazi, akaufuta, akajaribu programu kwenye kompyuta yake mpya. Mambo yakawa shwari. Akaisambaza kila mahali, na kikaoni akapigiwa makofi.

Kesho yake muuguzi wa zahanati moja ya pembezoni alimpigia simu Mama Viraka.

“Dada, huyu mtoto mwezi jana alipata vidonge viwili na nusu. Leo kaongezeka uzito, halafu mashine inaniambia viwili. Nishike lipi?”

“Usiiamini mashine, dada yangu. Watoto wote wapigie hesabu kwa mkono mpaka nikupigie.”

Mama Viraka aliurudisha mstari siku hiyohiyo. Mkuu hakuomba radhi. Alitangaza kwamba mwisho wa mwezi toleo la zamani linaachwa, halitatunzwa tena.

“Nikamuuliza, na zahanati zile je? Ananijibu eti hilo si letu. Si letu! Mtoto akipewa dozi pungufu, ni la nani?” 

Mpango wake ni mfupi. “Zahanati ya mwisho ikipata mashine mpya, mstari huu nitaufuta mwenyewe, na hii kuukuu nitaibeba mpaka jalalani. Kabla ya hapo, siachi.”

Mlango unafunguliwa. Wapagazi wawili wanasema wametumwa na mkuu kuondoa kompyuta mbovu.

Mama Viraka hainuki. Anasogeza kiti mbele ya ile kuukuu, anachukua simu na kutafuta namba ya muuguzi.

“Mwambieni aje kuichukua mwenyewe,” anasema. “Akifika, kuna mtu nataka azungumze naye kwanza.”